Mtungi, mkaa, LUKU au samadi? Kuchagua nishati ya kupikia Mbeya, Iringa na Njombe

Kila bei ya mtungi inapopanda, pale Mwanjelwa, Mbeya, hakosi mtu wa kuuliza kwa sauti: gesi si tunachimba wenyewe Mtwara, mbona tunauziwa bei hii? Swali ni la haki, ila linachanganya gesi mbili tofauti, na anayezichanganya huishia kuchagua jiko kwa hesabu isiyo yake.

Gesi ya Songo Songo mkoani Lindi na Mnazi Bay mkoani Mtwara ni gesi asilia, karibu yote methani. Methani haikubali kukaa kwenye mtungi wa kawaida ikiwa kimiminika. Ili igeuke hivyo lazima ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, vinginevyo ibaki gesi na ishindiliwe kwa mgandamizo mkubwa sana kama inavyofanyika kwa magari yanayotumia gesi Dar es Salaam. Ndiyo maana husafiri kwa bomba. Gesi ya mtungi ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo tu. Hiyo inaagizwa nje, inashushwa kwa meli Dar es Salaam na Tanga, kisha inapanda Kitonga kwa lori hadi Iringa, Makambako na Mbeya. Bei yake inafuata soko la dunia, thamani ya dola na dizeli ya hilo lori. Mtwara haimo.

Sasa ya Mtwara iko wapi? Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo, na mwaka 2015 bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likaanza kazi. Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Mtwara na Lindi zimeunganishwa na zinapikia gesi ya bomba. Huku kwetu bomba halijapanda. Linalopita ukanda huu tangu 1968, la TAZAMA, ni la mafuta ya kwenda Ndola, Zambia. Rungwe nako kuna gesi inayovunwa ardhini, upande wa Kyejo, lakini ile ni hewa ukaa ya viwanda vya vinywaji. Hata upewe bure itakuzimia moto.

Hata hivyo gesi asilia imekuwa ikifika Mbeya kwa miaka mingi ikiwa imeshageuzwa umeme. Mitambo ya Ubungo na Kinyerezi inaichoma, umeme unaingia gridi ya taifa, na gridi inatuletea mlangoni. Kwa hiyo anayetaka kupikia gesi ya nchi yake, njia aliyo nayo leo ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mtungi ni bidhaa ya meli. Ukilishika hili, ulinganisho wote unakaa sawa.

Nimelinganisha nishati nne: gesi ya mtungi, mkaa, umeme na biogesi, yaani gesi inayotokana na samadi iliyoozeshwa. Kuni sikuziweka peke yake, maana anayeokota mabanzi ya bure kwenye mashine za mbao Mafinga hana swali la kuuliza, na anayenunua kuni atajikuta kwenye mengi nitakayosema kuhusu mkaa.

Vya kupimia

Nimezipima kwa mambo sita: pesa ya kuanza na ya kila mwezi, chakula unachopika na mwinuko unaoishi, baridi, usalama na hewa ndani ya nyumba, upatikanaji, na mwisho, inatoka wapi na inaharibu nini. Hayana uzito sawa. Kwa mtu wa Dar es Salaam baridi na mwinuko vingefutwa kabisa. Kwetu hivyo viwili ndivyo vinavyobadilisha majibu, na nashangaa jinsi matangazo ya majiko yanavyovipita kimya.

Pesa

Kwa kuanza, mkaa hauna mpinzani. Jiko la bati na kopo la mkaa, jioni hiyohiyo umepika. Umeme unafuata: jiko la koili la plate moja si ghali, ila jiko la presha la umeme na lile la sumaku linalohitaji sufuria za chuma vinataka mtu ajipange. Mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko la juu unanunuliwa mara moja, baadaye unalipia gesi tu. Wa kilo 15 unaongeza regulata, mpira na jiko la mezani. Biogesi ni ghali kuliko zote kwa mbali. Unahitaji saruji, matofali, fundi anayejua kujenga kuba lisilovuja, na kabla ya hayo yote unahitaji ng'ombe.

Matumizi ya kila mwezi ndiyo yanayobishaniwa, na ubishi mwingi unatokana na watu kulinganisha bei ya mtungi na bei ya gunia kana kwamba vinabeba moto sawa. Linganisha moto unaoingia kwenye sufuria. Kilo moja ya gesi ina megajuli kama 46 za nishati, na jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu yake kwenye chakula. Kilo ya mkaa mzuri ina takribani 29, lakini jiko la bati linapoteza karibu sehemu nne kati ya tano. Jiko banifu lililotengenezwa vizuri linaokoa hadi theluthi ya mkaa huo. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6, na koili inafikisha kama asilimia 70.

Ukipiga hesabu unapata hivi: kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo nne za mkaa kwenye jiko la bati, au karibu kilo tatu kwenye jiko banifu, au uniti kumi za umeme kwenye koili. Mtungi wa kilo 6 basi ni sawa na kilo 24 za mkaa kwenye jiko la bati, kilo 16 hadi 18 kwenye jiko banifu, au uniti 60.

Chukua bei za mtaani kwako uziweke hapo. Tuseme, kwa mfano tu, mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa 24,000: kila kilo ni 4,000, kwa hiyo mkaa wa jiko la bati unakuwa nafuu pale tu unapouziwa chini ya 1,000 kwa kilo. Kwa kilo, si kwa debe. Azima mizani upime debe lako, kwa sababu madebe hayafanani na mkaa uliolowa mvua ni mzito bure. Kwa upande wa umeme, bei iliyozoeleka ya takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi inafanya uniti 60 kuwa shilingi 21,360. Maana yake hata koili, ambayo kila mtu huiita mla umeme, inatembea bega kwa bega na mtungi. Mwenye kundi la bei nafuu, la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, analipa kama theluthi ya hapo, ila akianza kupikia koili kila mlo ataivuka hiyo 75 kabla mwezi haujaisha.

Biogesi ikishajengwa, mwezi unapita bila kununua moto. Unalipa kwa jasho: kuzoa samadi, kuchanganya na maji ndoo kwa ndoo, kila siku, hata Jumapili.

Hesabu hii ina mwanya mmoja mkubwa. Mkaa unauzwa kwa kopo na LUKU inanunuliwa hata kwa elfu moja, lakini mtungi unadai elfu ishirini na kitu kwa mpigo, na mara nyingi unaisha tarehe ambayo mfuko nao umeisha. Ndiyo maana familia nyingi zenye mtungi uvunguni bado zinapikia mkaa unaowagharimu zaidi. Hazijashindwa hesabu, hazina pesa ya mkupuo. Ushauri wa kuhama mkaa usiogusa jambo hili haumsaidii mtu.

Chakula na mwinuko

Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini ni chini kidogo ya hapo, Njombe ni juu zaidi. Kila ukipanda kama mita 300, maji yanachemka nyuzi moja chini. Kwa hiyo maji ya Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100, ya Mbeya kwenye 94 na ushei, ya Njombe pungufu yake. Unaweza kuongeza moto utakavyo, sufuria la wazi halitapanda zaidi ya hapo. Linachofanya ni kumaliza maji haraka. Mgeni kutoka Pwani anayelalamika kwamba maharage ya Mbeya ni magumu anayasingizia. Mwinuko ndio unaomchelewesha, na maharage yaliyokaa stoo tangu mavuno yaliyopita yanamchelewesha zaidi.

Hapa mkaa una sifa yake ya kweli. Unawasha asubuhi, unabandika makande, unafunika majivu, unaenda shambani. Kwa gesi, saa zote hizo ni mtungi unaoungua. Kwa koili, ni mita inayokimbia.

Kinachovunja mlinganyo ni sufuria la presha. Likishafungwa, maji ndani yanapanda kupita nyuzi 110 na mwinuko unakuwa hauna kauli tena. Jiko la presha la umeme linapika maharage kwa chini ya uniti moja, kwa kuwa limevikwa koti la kuzuia joto na linajizima lenyewe. Kwa bei niliyoitaja, hiyo ni pungufu ya shilingi 400 kwa sufuria la maharage ya familia. Sijaona njia ya kununua moto inayoshinda hapo kwa maharage, makande, nyama ya ng'ombe mzee au ndizi za Tukuyu zenye nyama ndani. Anayependa mtungi wake anaweza kununua sufuria la presha la kawaida la kubandika jikoni; gesi itapungua sana.

Ugali ni habari nyingine. Jiko la presha la umeme halikupi nafasi ya kusonga kwa nguvu, na hata ukilijaribu, wengi hawaridhiki. Ugali unataka moto unaopanda na kushuka kwa amri ya mkono, na sufuria lililokaa imara. Gesi ya jiko la mezani ndiyo bora kwa hili. Ile ya juu ya mtungi mdogo inayumba ukisonga ugali wa watu wengi, na mtungi wenye jiko juu ukipinduka si mchezo. Mkaa unasonga ugali vizuri kabisa. Biogesi pia, ingawa moto wake ni mpole. Koili inafaa ila ni nzito kutii: ukiipunguza, joto linabaki.

Chapati, mandazi na chai ya haraka ya asubuhi: gesi, bila mjadala mrefu.

Baridi

Juni na Julai nyanda hizi zinabadilika, na kila nishati inaonyesha sura nyingine.

Mtungi kwanza. Gesi iliyo ndani ni kimiminika kinachogeuka mvuke kadiri unavyopika, na kugeuka huko kunahitaji joto, ambalo mtungi unalivuta kutoka hewa inayouzunguka. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Makete si kitu kwake. Butani inachemka karibu na sifuri yenyewe. Mtungi wenye butani nyingi, asubuhi ya baridi kali, juu ya sakafu ya saruji, unatoa moto dhaifu ingawa ukiutikisa unasikia kimiminika ndani. Wengi husema wameibiwa gesi. Wakati mwingine ni baridi tu: mtungi umejipoza wenyewe kwa kupika, umetoa jasho au ukungu kwa nje, na mgandamizo umeshuka. Uinue kutoka sakafuni kwa kuuweka juu ya ubao, usipikie plate mbili kwa moto mkubwa kwa muda mrefu, na kama familia ni kubwa chukua wa kilo 15, ambao mwili wake mpana unavuta joto zaidi kutoka hewani. Usiuweke karibu na moto, wala usiumwagie maji ya kuchemka, hata kama jirani anafanya hivyo kila mwaka na bado yupo.

Biogesi nayo inaitii baridi. Wadudu wasioonekana wanaotengeneza methani wanapenda joto. Likishuka chini ya nyuzi 15 wanazubaa na gesi inapungua sana. Kyela, Busokelo ya chini na Ismani hakuna shida. Tukuyu inakwenda. Makete na Njombe ya juu, mtambo unaotosha Desemba unaweza usitoshe Julai. Kuba likiwa chini ya ardhi linasaidia, kwa kuwa udongo hauyumbi kama hewa, lakini aliye huko ajenge akijua miezi ya baridi atahitaji jiko la pili.

Umeme haujali baridi.

Mkaa ndio unaoshinda hapa, na sharti niseme wazi kwa sababu matangazo ya nishati safi hayasemi: kwa nyumba nyingi za huku, jiko la mkaa ni kipasha joto. Ukimwambia mama wa Igawilo aache mkaa, umemwondolea jiko na umemwondolea pia moto ambao watoto wanauzunguka jioni. Gesi haiwezi kuchukua nafasi hiyo. Kuwasha jiko la gesi chumbani ili upate joto ni ghali na kunakula hewa ya chumba. Familia iliyohamia gesi au umeme inahitaji mablanketi mazito, madirisha yanayofungika na dari, na hizo ni gharama za kuhesabiwa pamoja na jiko jipya.

Usalama na hewa

Lile jiko la mkaa linalopasha joto ndilo linaloua pia. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na moshi wake umeshakwisha kwa hiyo mtu anadhani ni salama. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliyelala hazinduki. Jiko la mkaa halilali chumbani na watu, hata likiwa limebaki makaa mawili, hata mlango ukiachwa na upenyo. Kama linawashwa kwa ajili ya joto, liwe sebuleni, madirisha yakiwa wazi, na litolewe nje kabla ya kulala.

Hatari ya mtungi ni kuvuja. Propani na butani ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo gesi iliyovuja inashuka sakafuni na kukaa pembeni kama maji, ikingoja cheche. Nyumba zetu zilizozibwa kwa ajili ya baridi hazina pa kuitolea. Ukisikia ile harufu kali iliyotiwa makusudi, funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toa watoto, na usiguse swichi yoyote, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Kila unapobadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye kiungo uangalie kama linatoa mapovu. Mpira uliopasuka haufungwi kwa utepe. Mtungi unasimama wima siku zote, hata kwenye bodaboda.

Methani ya biogesi ni nyepesi kuliko hewa na haikai chini namna hiyo, ila mtambo una hatari yake: usichungulie wala kuingia kwenye shimo lake kwa ajili ya usafi bila fundi.

Umeme hauna moshi wala mvuke, lakini nyumba nyingi za kupanga zimefungwa nyaya za kuwashia taa na kuchaji simu. Koili ya wati 2,000 kwenye kebo nyembamba ya kuunga ni moto unaosubiri. Jiko la presha, ambalo mara nyingi ni la wati kama 1,000, ni rahisi zaidi kwa nyaya dhaifu, lakini nalo lichomekwe moja kwa moja ukutani.

Upatikanaji

Mjini Mbeya, Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe na Tunduma, mtungi unaupata hadi jirani. Ukitoka barabara kuu, mambo yanageuka: kijiji cha ndani kinaweza kuwa na duka moja lenye aina moja ya mitungi, na wewe una ya kampuni nyingine. Ulizia kwanza kijijini kuna ya nani, ndipo ununue. Mkaa upo kila mahali, na masika unapanda bei kwa sababu tanuri hazifukiki vizuri na njia za porini hazipitiki. Umeme unafika vijiji vingi sasa. Kilichobaki ni kukatika kwake na, kwa wapangaji, mita moja ya LUKU inayogawanywa na vyumba vitano. Mwenye nyumba akikataza kupikia umeme, usimwone mbaya. Hana namna ya kugawa gharama. Pata mita ndogo ya chumba chako au chagua kingine. Samadi ipo kwa mwenye ng'ombe wa ndani wawili watatu, kama wale wa maziwa wa Rungwe na Njombe. Ng'ombe wa kuchungwa wa Usangu wanaacha samadi njiani.

Inatoka wapi, inaharibu nini

Kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo inakula kilo tano hadi kumi za mti. Sehemu kubwa ya mkaa unaofika mijini hutoka kwenye misitu ya asili ya miombo ya Chunya, Mbarali na Iringa vijijini, na Mbarali ndiko Usangu, bonde linalolisha Ruaha Mkuu. Mto huo umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, zaidi kwa sababu ya maji yanayochepushwa mashambani, lakini milima isiyo na miti haiusaidii. Chini yake kuna Mtera, Kidatu na sasa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Anayepikia LUKU Iringa anapikia, kwa sehemu, maji yaliyoshuka kutoka milima yake mwenyewe.

Mkaa wa miwati ya kupandwa kule Njombe ni kesi tofauti: mti ulilimwa, ukavunwa, unapandwa tena. Sidhani ni haki kuuhukumu pamoja na miombo. Upo pia mkaa mbadala uliotengenezwa kwa makaa ya mawe ya Kiwira–Kabulo, ambao STAMICO, shirika la madini la taifa, huuza kwa jina la Rafiki. Huo unaokoa miti, ila makaa ya mawe ni nishati ya kisukuku kama ilivyo gesi, na moto wake unataka jiko lenye hewa ya kutosha.

Gesi ya mtungi ni kisukuku, haina njia ya kukwepa hilo, lakini jikoni ni safi. Gesi asilia inayozalisha umeme ni kisukuku pia. Ikiungua inatoa hewa ukaa kidogo kuliko makaa ya mawe. Ikivuja kabla ya kuungua ni balaa, kwa kuwa methani inapasha anga zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 20. Kabla ya Bwawa la Nyerere kuanza kazi mwaka 2024, gesi ilikuwa ikizalisha zaidi ya nusu ya umeme wa gridi. Sasa maji yamechukua nafasi kubwa. Biogesi inaichoma methani ambayo samadi ingeiachia hewani, na masalia yake ni mbolea nzuri ya migomba na kahawa.

Nani achukue nini

Mfanyakazi au wanandoa wa mjini, wenye mita yao na nyaya nzuri: jiko la presha la umeme kwa vyote vinavyochemka muda mrefu, mtungi wa kilo 6 kwa ugali, chapati na siku umeme ukikatika. Huu ndio mchanganyiko ninaoupendekeza mara nyingi. Mtungi unaokufa haraka kwa maharage utaona unavuka mwezi.

Mwanafunzi wa chumba kimoja Iyunga au Kihesa: mtungi mdogo, dirisha wazi, na mtungi ukae mbali na kitanda. Kama pesa ya kujaza kwa mkupuo ni tatizo, jiungeni wawili. Mkaa chumbani hapana.

Familia kubwa yenye watu wanane au zaidi, mkaa wa gunia ukipatikana kwa bei nzuri: bakini na mkaa kwa makande na maji ya kuoga kama lazima, lakini kwenye jiko banifu, jiko la nje, na mnunue sufuria la presha kabla ya kununua jiko lingine lolote.

Mfugaji wa Rungwe, Busokelo au Njombe ya chini mwenye ng'ombe wa ndani na maji karibu: biogesi, hasa kama kazi ya samadi ina mtu wa kuifanya kila siku. Kama vijana wote wamehamia Mbeya na mmebaki wazee wawili, iacheni, chukueni mtungi.

Aliye Makete au maeneo yenye umande wa barafu: umeme kama upo, mtungi wa kilo 15 ukikaa ndani juu ya ubao, na pesa ya blanketi itengwe mapema. Jiko la mkaa sebuleni liwe la joto la jioni tu, litoke kabla ya kulala.

Mama lishe wa stendi: gesi kwa chai, chapati na ugali. Kwa maharage, hesabu kilo zako za mkaa kwa wiki, zigawe kwa nne upate kilo za gesi, kisha linganisha gharama. Wengi watakuta sufuria kubwa la presha linawarudishia pesa kuliko kubadilisha nishati.

Shule, chuo au hosteli inayolisha watu zaidi ya 100 kwa siku haina tena uhuru wa kuchagua mkaa na kuni, kwa sababu serikali imeshapiga marufuku, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Hapo swali ni mtungi mkubwa au majiko makubwa ya presha ya umeme, na shule yenye zizi iongeze biogesi. Kabla ya kusaini mkataba wa gesi, mhasibu amtake mzabuni aandike bei kwa kilo, na achukue bili ya umeme ya miezi iliyopita aone kama transfoma ya shule inabeba jiko jipya.